Mtoto Niliyemkabidhi kwa Babu Yake

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena kwenye kazi hii. Nimeona mtoto kameza kitufe cha koti la baba yake, na kesho yake nikakipokea kwenye kopo kinang'aa kuliko kilivyoingia. Nimelea mapacha waliokuwa wanalia kwa zamu, mmoja akichoka mwenzake anapokea. Kuna muuguzi mmoja alinijia mbio asubuhi na mfuko wa nepi, uji kwenye chupa, shuka la kulalia, kila kitu kimekamilika, akanikabidhi, akageuka aende zake hospitalini. Nikamwambia, mama, na mtoto je? Alikuwa amemsahau kitandani.

Haya naandika mwenyewe, kwa mkono wangu. Nilisoma la kwanza na la pili, basi. La tatu nililisikia kwa wengine. Lakini ile nyumba ya bati unayoiona njia ya Nyakahanga ukiwa unatokea Kayanga, niliijenga kwa kufuta kamasi za watoto wa watu. Wapo wenzangu waliofika la saba na mpaka leo mvua ikinyesha wanahamisha vitanda.

Sasa ninyi mabinti, na vijana wa kiume mmojammoja wenye moyo, tangu wakimbizi waje na mashirika yaje nyuma yao mnaitwa kwenye semina za malezi, mnarudi na karatasi. Juzi binti wa jirani kanijia ananiuliza, "Baba, mtu akitaka kulea watoto nyumbani kwake, anatakiwa awe na nini?" Nikamwambia kaa. Akakaa mpaka ndizi zikaiva jikoni. Lakini lililo kubwa sikumwambia, kwa sababu mke wangu Adelina alikuwa amekaa palepale anamenya, na likitajwa hilo huwa anainuka anaondoka. Nimeona bora niliandike.

Kwanza mahali. Sisi tunaishi ndani ya migomba, na mgomba ni mpole kwa mtu mzima tu. Mkungu ukikomaa shina linachoka, upepo kidogo umelala chini. Pale wanapochezea watoto, kila mgomba wenye mkungu uwekee nguzo mbili za kuuegemeza, au ukate mkungu mapema mle ndizi mbichi. Shimo la kuivishia ndizi za pombe lifukie kabisa. La kwangu nililiacha, nikasema watoto hawafiki kule nyuma. Siku moja tukapoteza mtoto, tukamtafuta kitongoji kizima, wanaume wameshika mapanga, wanawake wanaita. Kumbe yumo shimoni juu ya majani, amelala, tumbo kama ngoma, maganda ya ndizi mbivu yamemzunguka. Mama yake alicheka. Mimi nilichukua jembe jioni ileile.

Jiko liwe na ukuta wa kumfika mtoto kifuani. Kifuniko cha choo kiwe kizito mtoto asikiweze, lakini wewe ukiweze kwa mguu, maana mikononi utakuwa na mwingine. Maji yachemshwe jana yanywewe leo. Kila mtoto kikombe chake, ukivichanganya kikohozi cha mmoja kitakuwa cha wote kabla ya Jumapili. Na miguu ukague kila siku, kidole kwa kidole, kwa sababu ya funza. Funza hutolewa na pini iliyopitishwa motoni, mtoto akiwa anasimuliwa habari ya fisi. Fisi anapokaribia kumshika mbuzi, hapo ndipo unamtoa funza. Nimetoa funza wengi kuliko yeyote tarafa hii, na hakuna mtoto aliyeondoka mikononi mwangu anachechemea.

Mlioanza juzi hamjui kufua nepi bila sabuni. Baada ya vita ya Amini sabuni ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Nilikuwa natwanga majani ya mpapai, nayaloweka, povu linatoka, nepi zinakuwa safi ila za kijani kidogo. Mama mmoja mchuuzi, aliyekuwa akivuka mpaka wa Murongo kwa njia zake, hakunilipa fedha hata siku moja. Alinilipa mche wa sabuni, chumvi, mara moja moja sukari kwenye kona ya kanga. Wakati ule nilikuwa tajiri kuliko mwenye duka.

Mtaniuliza mwanamume aliingiaje huku. Nilikuwa utingo wa lori la kahawa. Wanajeshi walipokuwa wanapita kwenda vitani nami nilikuwa napita na magunia, kijana mwenye mguu mwepesi. Vita ikaisha salama, halafu gunia moja likaniangukia siku ya kawaida tu, tumepaki, mguu ukavunjika mahali pawili. Nikawa mtu wa kukaa mlangoni. Adelina analima, mimi nimenyoosha mguu. Muuguzi jirani akapita akasema, Baba Deo, wewe umekaa tu, nikalie na huyu. Nikamkalia. Keshokutwa akaleta na wa mwenzake. Mguu ulipopona nilikuwa na watoto tisa na sina haja ya lori.

Kilabuni waliniita Mama Deo wa pili. Mmoja akaniuliza mbele ya watu, "Mama, leo umeshanyonyesha?" Nikamwambia, "Wote wameshiba, umebaki wewe. Sogea." Hakurudia. Lakini msidhani haikuuma. Kwetu mwanamume anaweza kumbeba mtoto begani wakivuka mto, lakini kumfunga mgongoni na kanga, ukapita naye njiani kwenda kuchota maji, hilo wazee waliliangalia kama mtu anayetembea uchi.

Aliyenifundisha kazi ni Ma Koku, bibi mmoja mjane aliyekuwa amewalea wajukuu na watoto wa nusu ya wauguzi wa pale kabla macho hayajafifia. Alinikuta nimefunga mtoto mgongoni anateleza kama gunia. Akasema mgongo wangu hauna kiti, akanipiga kofi kiunoni niiname, akafunga upya. Akauliza wako wangapi. Nikasema tisa, najivuna. Akauliza, "Una mikono mingapi?" Akanihesabia: mmoja mgongoni, mmoja kila mkono, wawili unaowaona. Watano. Wa sita ndiye atakayeingia motoni wakati unahesabu hao watano. Wanne nikawarudisha kwa mama zao, na nilinuna, maana walikuwa wanalipa.

Na akanipa sheria moja. Alisema, "Aliyekuletea ndiye unayemrudishia. Si baba yake, si shangazi, hata aje Askofu na fimbo yake. Mwambie Askofu akae asubiri."

Hilo ndilo sikumwambia binti wa jirani. Sikilizeni basi.

Kulikuwa na dada mmoja, Konsolata, mfua mashuka hospitalini. Alikuwa amemwacha mume upande wa Kyerwa, kisa kipigo, akaja na mtoto mgongoni na mfuko wa nailoni, hana kingine. Mume mwenyewe akavuka Murongo kwenda kutafuta kibarua Uganda, hakusikika tena. Mtoto aliitwa Mugisha. Nilimpokea hajaota meno yote, nikawa naye miaka miwili na zaidi. Huyu sikumfundisha kunipenda, alianza mwenyewe. Nikiinama kufagia, alikuwa anadhani nimeinama abebwe, anapanda. Mchana hakulala mpaka ashike sikio langu. Mama yake akija kumchukua jioni, mikono yake imenyauka kwa maji ya sabuni, mtoto anamkimbilia halafu ananigeukia kunipungia. Konsolata alikuwa akisema, akiwa kwenye yale masinki, jambo pekee asilolifikiria ni mtoto. Hakuna sifa niliyopewa iliyoizidi hiyo, na nimepewa nyingi.

Wakati huohuo bibi maendeleo wa kata alikuwa amepita kukagua. Alisifu kila kitu, akasema kilichobaki ni chumba cha watoto peke yao, chenye sakafu ya saruji na dirisha, na hapo ataniandikia niwe mlezi anayetambuliwa, wa kwanza kwenye kata. Mimi, wa la pili. Msingi nikauchimba wiki ileile. Fedha nilikuwa nazo, tumeziweka mimi na Adelina, za malipo ya kulea watoto na za kahawa yetu. Nikatembea Kayanga nzima nawaambia watu kuhusu chumba hicho kabla hakijawa na tofali.

Basi asubuhi moja, Adelina yuko shambani, akaja mzee mmoja wa kanzu na koti, fimbo mkononi, vumbi la safari mpaka magotini. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba mwanangu, akauliza kama mimi ndiye yule mwanamume anayelea watoto. Nikasema ndiye mimi.

"Sifa zako zimefika mpaka kwetu Kyerwa," akasema. "Nikasema lazima nimwone mtu huyo kabla sijafa."

Ndugu zangu, nilimwekea kiti changu mwenyewe. Nikamtembeza. Nikamwonyesha kifuniko cha choo, ukuta wa jiko, vikombe, msingi. Anaitikia kwa kichwa kila kitu, anasema enhe, enhe. Tukakaa. Akatoa mfukoni kahawa ya kutafuna, imefungwa kwenye jani la mgomba, akanifunulia. Mnajua ilivyo kwetu: mzee akikupa kahawa yake huikatai, na ukiwa nayo mdomoni huwezi kumkatalia neno. Ni kama kumtemea. Nikachukua punje mbili, nikatafuna, tunazungumza habari za mvua.

Ndipo akasema yeye ni Karoli, na yule mtoto pale anayepanga mawe ni mjukuu wake. Sikuhitaji ushahidi, masikio yalikuwa yaleyale. Akaomba amchukue mpaka sokoni Kayanga amnunulie kaptura, amrudishe kabla jua halijafika utosini. Babu na mjukuu tu.

Nilimkumbuka Ma Koku. Msiseme nilisahau. Sheria ilinijia wazi, na fimbo ya Askofu nikaiona. Lakini kahawa ilikuwa mdomoni, uchungu wake bado uko kwenye ulimi, na mtu aliyetoka Kyerwa kuja kuona sifa zangu ameninyooshea mikono miwili. Nikajiambia mtoto ni wa ukoo wa baba, na babu ni babu. Nusu ya desturi nikaishika, nusu nikaiacha, maana desturi hiyohiyo inasema mtoto mdogo hatolewi kwa mama yake mpaka apate akili za kwenda shule. Mzee aliijua nusu hiyo kuliko mimi.

Mugisha hakutaka. Alinishika suruali. Nikamtoa vidole kimoja kimoja, nikamwambia, "Nenda na babu. Atakununulia muwa, halafu utarudi kwangu."

Akaenda, kwa sababu nimesema mimi.

Jua lilifika utosini, likapita. Konsolata alipofika alikuta watoto wanne. Akaniuliza Mugisha yuko wapi. Nikamweleza, naanza na sifa, nikaona uso wake, nikaruka mpaka mwisho.

"Alikupa nini?" akauliza.

"Kahawa."

Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye nyasi, mikono mapajani, akasema, "Baba Deo, mimi ndiye niliyekuletea."

Ma Koku alikuwa ameshakufa miaka hiyo, na Konsolata hakuwahi kumjua. Lakini nilisikia sauti ya bibi yule.

Konsolata alitaka kumfuata mwenyewe. Adelina akamzuia, akasema hicho ndicho wanachokitaka, ukikanyaga ua ule hutoki. Mahakama ya mwanzo ilikuwepo, na nafikiri ingempa haki, lakini kesi ina siku zake na mtoto anasahau upesi. Mimi nikasimama nikasema hakuna haja ya mahakama, kesho mtoto yuko hapa. Ndivyo nilivyokuwa nazungumza siku zile.

Nikapanda lori la mizigo linalokwenda Murongo, nikashuka njiani, nikapanda mlima kwa mguu ule uliovunjika. Mji wa Mzee Karoli ni mji wa heshima, migomba imesafishwa, kahawa inaanikwa kwenye mkeka. Alinikaribisha kama mtoto wake. Hakujificha, hakudanganya. Mugisha alikuwa kwa bibi yake, ana kaptura mpya kweli. Nikainama nikafungua mikono, nikajua sasa anapanda mgongoni.

Akakimbilia nyuma ya bibi. Akaficha uso kwenye gauni lake. Nikamwita, akazidi kujificha, mpaka bibi naye akaona aibu kwa niaba yangu.

Nimesema hakuna cha kunishangaza. Ni kwa sababu hicho kilimaliza mshangao wote niliokuwa nao. Mtoto hakuniogopa kama mgeni. Aliniogopa kama mtu anayemjua.

Tulikaa sebuleni. Mzee akaletewa kikapu kidogo cha kahawa, akanisogezea. Nikachukua punje moja. Nikaitazama. Halafu nikaiweka juu ya meza mbele yake, kavu.

Aliielewa. Akakirudisha kikapu, akasema, "Haya. Basi tuzungumze kama watu wasiojuana."

"Nimekuja kumchukua mtoto, mzee."

"Nilimchukua mtoto ili mama yake amfuate. Sasa umenifuata wewe. Wewe nitakuoza kwa nani?"

Wanawake jikoni walicheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia dada yule hatarudi, alipigwa, na mume mwenyewe hayupo. Akasema ya kupigwa amesikia na hakuyapenda, alimkanya mwanawe, na mwanawe naye kamwacha. Lakini ng'ombe wa mahari alitoka kwenye zizi lake yeye, na mbuzi wawili, na pombe, na baba yake Konsolata alivipokea, akavimaliza, akafa. Kama ndoa imekufa, mahari irudi. Ikirudi mbele ya balozi wa nyumba kumi, mtoto atakaa na mama yake, na yeye hatamfuata tena; akikua atajua mwenyewe njia ya kuja kumsalimia babu.

Nikamwambia kuwa Konsolata hana hata kuku.

"Simdai yeye," akasema. "Nazungumza na mwenye nyumba ya bati. Si ulinionyesha msingi?"

Nilirudi mikono mitupu. Ile kesho niliyoahidi ikapita, na zilizofuata. Konsolata alikuwa anakuja kila jioni akitoka kazini, anasimama palepale anapopokelea mtoto, anauliza kama kuna habari, anaondoka. Usiku sikulala, na nadhani Adelina alijua nafikiria nini, kwa sababu asubuhi alifungua sanduku mwenyewe akanihesabia fedha za chumba mkononi. Hazikutosha. Nikauza baiskeli. Akasema, "Umeuza chumba cha watoto ukamnunue mmoja. Ni sawa. Lakini usitegemee atarudi hapa."

Nikasema atarudi, nani mwingine wa kumlea kama mimi.

Tulimalizana mbele ya balozi wa nyumba kumi wa kule. Mzee Karoli alipokea, akashukuru, akanipa mkono. Hakutoa kahawa. Mugisha alitembea na mimi mpaka barabarani hatua chache nyuma yangu, hataki kushikwa. Kwenye lori alikaa na mama mmoja mwenye kuku. Tuliposhuka Kayanga pale stendi nikajua ana njaa, nikamnunulia andazi la moto. Akalitazama. Akatazama mkono wangu. Akafunga mdomo, akaweka mikono nyuma. Mtoto aliyekuwa akila nusu ya chakula chake kutoka vidoleni mwangu. Babu alimnunulia muwa kama nilivyomwahidi, na sasa kila mwanamume mwenye kitu kitamu mkononi alikuwa na safari ndefu nyuma yake. Nikalitia andazi mfukoni mwa koti.

Konsolata alikuwa anasubiri kwangu. Sitawaelezea jinsi walivyokutana. Baadaye nikatoa andazi nikampa yeye, akalimega, Mugisha akala lote kutoka mkononi mwa mama yake, ananitazama.

Konsolata alinipigia goti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaahidi kunilipa kidogokidogo. Nikamkatalia, na hilo sijutii. Nikamwambia basi kesho amlete kama kawaida.

"Baba Deo," akasema, "umefanya jambo ambalo hata baba yangu hangelifanya. Nitakuombea mpaka nife. Lakini nikiwa kwenye masinki nitakuwa naifikiria ile kahawa."

Asubuhi alipita na mtoto mgongoni, akanisalimia kwa heshima zote, akaendelea mbele, kwa msichana mmoja upande wa chini wa barabara ambaye hakuwa na hata kifuniko cha choo. Wengine nao, bila ugomvi, mmoja baada ya mwingine. Yule wa sabuni akaniambia dada yake amehamia kwake. Muuguzi akasema mtoto ameshakua. Wote walinisifu. Mwaka haukuisha, nikabaki na vikombe.

Mugisha sasa ni kijana wa shule, ana miguu mirefu. Hunipita njiani ananiamkia shikamoo vizuri kabisa, kama anavyomwamkia mzee yeyote.

Kwa hiyo mkiulizwa mlezi anatakiwa awe na nini, semeni maji ya kuchemsha, jiko lenye ukuta, watoto watano, pini ya funza. Halafu semeni awe mtu anayeweza kumwambia mzee mwenye mvi, aliyekuja na sifa zake na kahawa yake, kaa hapo usubiri mpaka aje aliyemleta. Atakasirika. Mwache akasirike. Mpe kiti, mpe maji, mtoto usimpe. Na kama kahawa umeshaiweka mdomoni, iteme.

Msingi wa chumba upo mpaka leo, Adelina kapanda maboga ndani yake, yanazaa sana. Bibi maendeleo alishahamishwa. Mahari ile tuliikadiria kwa fedha mbele ya balozi, elfu ishirini na tisa na mia nane. Nauli za malori, kwenda na kurudi mara mbili, mia sita. Andazi shilingi tano, na hilo andazi silitoi kwenye hesabu, mtu asiniambie nilitoe. Jumla shilingi elfu thelathini, mia nne na tano.